Kabla hujavalisha trekta tairi pana nyuma, soma rimu kwanza

Mvua zikikaribia, simu ninazopokea zinaacha kuwa za mbegu, zinakuwa za trekta. Swali moja linajirudia kila msimu: "Bwana shamba, nikifunga tairi pana nyuma kwenye rimu hizihizi, si trekta itaacha kunasa mbugani?"

Leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu kuna siku nililijibu kwa kifupi na nikamponza mtu.

Ilivyokuwa

Msimu uliopita kijana mmoja wa upande wa Mbogwe alinipigia. Ana trekta la mtumba linalovuta kwa magurudumu ya nyuma tu, tairi zake za nyuma ni 16.9-30. Kiangazi anabeba mawe ya dhahabu kwa tela kwenda kwenye makarasha, masika analima majaruba ya watu kwa ekari. Alikuwa amepata jozi ya 18.4-30 kwa bei nzuri. Nikamwambia, "18.4 ni nzuri kwa mbuga, mdogo wangu." Sikumuuliza rimu zake zikoje. Kosa hilo ni langu.

Alizifunga kwenye rimu zilezile, akashusha upepo hadi psi 8 ili zitanuke. Siku ya nne, akiwa katikati ya jaruba, tairi moja ilizunguka juu ya rimu ikakata valvu ya tyubu. Trekta likalala pale. Siku kumi na moja zikapita, na kuna wateja waliokuwa wameshamlipa. Wengine walirudi kutafuta ng'ombe wa kulimia.

Nilipofika, nilimkuta amekaa juu ya bodi la gurudumu. Akaniuliza: "Bwana shamba, mbona Crown yangu nimeipa tairi pana nyuma kwa rimu zake na haina shida?" Nikamwambia hata rimu ya gari dogo imeandikwa upana wake, mfano 7J, na tairi nayo ina kiwango cha rimu inayokubali. Ukizidisha kidogo kwenye lami unaweza usione shida mapema. Mbugani, trekta likivuta jembe kwa upepo mdogo, utaiona.

Namba za kusoma

Tairi ya 16.9-30 ina upana wa inchi 16.9, na inakaa kwenye rimu ya kipenyo cha inchi 30. 18.4-30 inaingia kwenye kipenyo hichohicho, ndiyo maana fundi anaivalisha bila kuona tatizo. Tatizo liko kwenye upana wa rimu.

Futa tope, tafuta maandishi kama W14L, W15L au W16L, mengine huanza na DW. Namba hiyo ni upana wa rimu kwa inchi.

- 14.9-28 inataka rimu ya 13, inavumilia 12.
- 16.9-30 inataka rimu ya 15, inavumilia 14.
- 18.4-30 inataka rimu ya 16, inavumilia 15.

Rimu za yule kijana zilikuwa W14L. Zilikuwa halali kwa tairi za zamani, lakini kwa zile mpya zilikuwa nyembamba mno.

Kwa nini upana peke yake hausaidii

Kinachobeba trekta juu ya tope ni eneo la tairi linalogusa ardhi, na eneo hilo linaamuliwa zaidi na uzito na upepo. Chukua gurudumu lililobeba kilo 1,500. Ukijaza psi 30, sawa na kilo 2 hivi kwa kila sentimita ya mraba, tairi itagusa ardhi kwa takriban sentimita za mraba 700. Ukishusha hadi psi 15, eneo linakaribia 1,400. Ni hesabu ya kukadiria, lakini inaonyesha faida inatoka wapi.

Kwa hiyo tairi pana inasaidia kwa sababu inaweza kubeba mzigo uleule kwa upepo mdogo zaidi. Ukiibana kwenye rimu nyembamba, mbavu zinavimba nje, uso unakuwa wa duara, na meno ya katikati ndiyo yanayogusa. Zile tairi za Mbogwe meno yake ya pembeni yalikuwa hayajachubuka kabisa. Ukishusha upepo ili lile duara lilale, tairi inayumba na kuzunguka juu ya rimu. Umelipia upana, halafu rimu inakuzuia kuutumia.

Mengine yanayobadilika

Tairi ya 18.4-30 ni ndefu kwa kimo kuliko 16.9-30 kwa karibu asilimia 5. Kila gia itakwenda kasi zaidi kidogo, na nguvu ya kuvuta itapungua kidogo.

Kama trekta lako linavuta magurudumu yote manne, usibadilishe tairi za nyuma peke yake. Gia zake zimepangwa magurudumu ya mbele yatangulie kwa asilimia chache. Ukikuza ya nyuma, mbele na nyuma vinashindana, tairi za mbele zinaisha haraka na gia zinaumia.

Kwa mkulima wa pamba anayepalilia kwa trekta, mistari ya sentimita 60 haisamehe. Tairi ya 18.4 ina sentimita 47 hivi, inabaki 6 na nusu tu kila upande. Pima pia nafasi kati ya tairi na bodi, na kati ya tairi na mikono ya kuinulia jembe.

Fanya haya kabla ya kutoa hela

1. *Pima upepo.* Nunua geji yako, usitegemee kupiga tairi teke. Kwa kulima, tairi nyingi za nyuma zinafanya kazi vizuri kati ya psi 12 na 16, kulingana na uzito. Ukirudi barabarani na tela, ongeza, lakini usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

2. *Pima kuteleza.* Piga alama ya chaki kwenye tairi. Jembe likiwa juu, endesha shambani mizunguko 10, weka mambo mwanzo na mwisho. Rudia umbali huohuo jembe likiwa ardhini, hesabu tena. Ukipata 11 hadi 12, uko vizuri. Ukipata 13 au zaidi, unachoma dizeli bure.

3. *Rekebisha uzito.* Kwenye luseni kavu, vyuma vya magurudumu au maji ndani ya tairi vinasaidia kushika. Jaza mwisho robo tatu. Tairi za saizi hizi zinameza zaidi ya lita 200 kila moja, kwa hiyo ukienda kwenye jaruba la tope yatoe, maana sasa ni mzigo wa kukuzamisha.

4. *Angalia meno.* Tairi pana iliyoisha meno haiishindi nyembamba yenye meno mazima.

Ukishafanya yote hayo na bado unahitaji 18.4, nunua pamoja na rimu zake, na hakikisha matundu ya bolti yanalingana. Wakati wa kujaza, tairi ikigoma kukaa kwenye rimu, usivuke psi 35. Toa upepo, paka maji ya sabuni, anza upya. Simama mbali, usiiinamie. Tairi ya trekta ikifyatuka inaua.

Ilivyoisha

Tulirudisha tairi za zamani. Nikaweka geji, zikasoma psi 30, upepo aliokuwa akibebea mawe kiangazi chote. Msimu wa nyuma alikuwa amelimia upepo huohuo, ndio maana alikuwa akinasa. Tukashusha hadi 14. Majaruba yenye maji mengi sana bado hakuyaingia, lakini mengine aliyamaliza, na zile 18.4 aliziuza.

Siku hizi mtu akinipigia kuhusu tairi, swali langu la kwanza ni moja: rimu yako imeandikwa nini? Kama hujui, kata simu, chukua kitambaa, nenda ukafute tope. Halafu nipigie tena.