Mbwa wa Jirani Anakunyima Usingizi? Kaa Hapa Kwanza Tuongee

Wadogo zangu wa Butembo na Beni, leo tuongee juu ya mbwa. Msicheke. Nimeona watu waliochangia kisima, waliobebeana watoto mgongoni, leo wanapishana kwenye avenyu kila mtu anatazama upande wake, na chanzo ni mbwa.

Swali huwa linakuja hivi: "Yaya, mbwa wa jirani anabweka tangu saa tano ya usiku mpaka majogoo. Nimesema, nikanyamaza, nikasema tena. Sasa hata salamu hakuna. Nifanye nini?"

Nitajibu, lakini wewe nijibu kwanza: unataka mbwa aondoke, au unataka kulala? Ni mambo mawili tofauti. Wengi wanafika kwa jirani na la kwanza mdomoni, kumbe wanachohitaji ni la pili tu. Ukisema "ondoa huyu mbwa", jirani anasikia "bomoa ukuta wako".

Tusisahau tunaishi wapi. Tangu Oktoba 2014 mauaji yameandama watu wa Beni na vijiji vyake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016, kule Rwangoma, bado tunao moyoni. Butembo nako wezi wenye silaha wamewafanya watu waogope kila mlango unaogongwa usiku. Mtu wa Boikene au Paida akisikia mbwa amebweka ghafla saa nane ya usiku, hakasiriki kwanza. Anasikiliza. Ni mmoja tu, au wanajibizana avenyu nzima? Sauti inakaribia, au inapita? Kwa hiyo usimshangae mama mwenye watoto wanne na mlango wa mbao akikataa kumtoa mbwa wake. Na ukubali jambo hili: mbwa huyo anakulinda na wewe, ingawa humpi hata mfupa.

Hapo ndipo hoja yako yenye nguvu ilipo. Mbwa anayebweka usiku kucha kwa ajili ya panya, ya mvua na ya mlevi anayetoka kunywa kasiksi, mwishowe hakuna anayemwamini. Siku mwizi atakapokuja kweli, mwenye mbwa mwenyewe atageuka upande wa pili kitandani na kusema, "Ndiyo kawaida yake." Basi wewe na jirani mnataka kitu kimoja: mbwa anayebweka wakati wa kubweka. Ukienda na neno hilo, umekwenda kama mwenzake.

Kabla ya kwenda, mchunguze mbwa mwenyewe, mchana, kwa macho yako. Mara nyingi utakuta hivi: kamba fupi ya nailoni imefungwa kwenye mparachichi, udongo umekwanguliwa duara kuzunguka shina, sufuria ya maji imepinduka na imekauka. Amekula mabaki ya bugali asubuhi, basi. Amefungwa kando ya njia ambayo kila mtu anaipita akienda chooni au kuteka maji, tena upande wa dirisha lako. Mbwa wa namna hiyo ana njaa, ana kiu, na amechoka kukaa pale pale. Atabwekea kila kivuli. Tazama na kwako pia: labda ni kuku wako wanaopita chini ya uzio, au takataka zako zinazoita mbwa wengine.

Kama parsele yako imepokea ndugu waliokimbia vita, fikiria na hilo. Tangu Kanyabayonga ianguke, Juni 2024, nyumba nyingi za Butembo zimeongeza watu. Mbwa hawajui hao wageni, na kila mmoja akitoka usiku anabwekewa upya.

Sasa nenda ukaongee. Si usiku ule ule ukiwa na hasira, wala si mbele ya kanisa siku ya Mungu ambapo watu watageuka kutazama. Nenda jioni, jirani akisharudi kutoka sokoni au shambani na kupumzika kidogo. Nenda peke yako. Ukifika na watu watatu, umefika na mashtaka. Mara nyingi ni vizuri kuanza na mama wa nyumba, kwa sababu ndiye anayejua mbwa anakula saa ngapi na nani anamfunga.

Salimu kama siku zote, uliza watoto, kubali kiti. Halafu sema taratibu: "Mama, nimekuja kwa jambo dogo, nisaidie. Mbwa wenu anatulinda sote, na ninashukuru. Lakini usiku anabweka muda mrefu, na mtoto wangu anaamka, asubuhi anasinzia darasani. Tufanye namna gani?" Sema "tufanye", usiseme "mfanye". Kisha nyamaza umwache aongee mpaka amalize, hata akianza na lawama za kuku wako. Wazee wetu wa Kinande, wakikaa kwenye kyaghanda kusikiliza shauri, hawamkati mtu neno katikati. Desturi hiyo inafaa hata kwenye viti viwili vya plastiki.

Omba vitu vinavyowezekana: mbwa ahamishwe kutoka upande wa dirisha lako aende karibu na lango, mchana afungwe kwenye kivuli kwa kamba ndefu, na usiku afunguliwe ndani ya uzio uliofungwa vizuri, chakula chake kikubwa apewe jioni, na maji yawepo. Na wewe toa kitu: mifupa ya kwako, ubao mmoja wa kuziba tundu la uzio, msaada wa kijana wako kujenga kibanda. Pangeni wiki mbili, halafu muonane tena. Pia uliza jina la mbwa, na uombe akutambulishe kwake. Mbwa hupunguza kelele kwa mtu anayemjua.

Na kama wiki mbili zikipita hakuna kilichobadilika? Panda ngazi, lakini moja moja. Kwanza mtu ambaye nyote mnamheshimu: mzee wa avenyu, kiongozi wa shirika lenu kama mnasali pamoja, au mchungaji. Halafu nyumbakumi, kisha shefu wa avenyu, kisha ofisi ya kartie. Mkifika huko, ombeni mapatano yaandikwe, hata mistari mitano tu, na wote mtie sahihi. Tribinali ya amani ni ngazi ya mwisho. Itakugharimu muda na pesa, na mkitoka huko mtarudi kulala kando ya uzio ule ule.

Sheria nayo ipo. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado inaongoza mambo ya hasara na malipo katika nchi yetu, inasema katika kifungu cha 261 kwamba mwenye mnyama anajibu hasara ambayo mnyama huyo amesababisha, hata kama alikuwa ametoroka. Jirani akumbuke hilo siku mbwa atakapomuuma mtoto wa watu.

Yako mambo ambayo nakukataza kabisa. Usimwekee mbwa sumu. Nyama yenye sumu haichagui. Mtoto anaweza kuiokota, kuku anaweza kuidonoa. Zaidi ya hayo, kumuua kwa ubaya mnyama wa mtu ni kosa mbele ya sheria, na siku hiyo mwenye haki hatakuwa wewe tena. Usimtukane jirani kwenye status ya WhatsApp. Kartie nzima itasoma kabla yake. Na usipeleke ugomvi wa mbwa kwa wanajeshi, wala usimsingizie jirani kwamba ana siri na waasi. Katika Beni yetu, neno kama hilo linaweza kumtoa mtu uhai, na hutaweza kulirudisha.

Mbwa akiuma, hapo hakuna mazungumzo ya wiki mbili. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 kamili, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kuuliza chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Nawe mwenye mbwa, usijifiche nyuma ya neno "usalama". Mpe maji, mpe kamba ndefu, mpeleke achanjwe kila mwaka. Butembo tuna chuo kikuu, UCG, kinachofundisha madaktari wa mifugo. Watu wa kukushauri wapo. Jirani akija kulalamika kwa heshima, shukuru kwamba amekuja kwako kabla ya kwenda kwa shefu.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kaka yako yuko Kampala, shangazi yuko Kinshasa. Usiku ukipiga kelele, atakayefungua mlango ni huyo huyo mwenye mbwa. Basi kesho jioni nenda ukamsalimu, hata kama safari hii ya kwanza hutagusa habari za mbwa. Ya mbwa utayasema kesho kutwa.

Yaya wenu.