SOMO: NYUMBA YA SALA NA NYUMBA YA MAKUTANO



Misioni nyingi za nchi yetu ni za zamani. Huko Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe walifika mwaka 1885. Waamini wakizidi kuwa wengi, huja siku ambapo parokia yataka kujenga nyumba ya makutano karibu na kanisa. Hapo wengine husema: «Kanisa lipo, tukutane humo kwa mambo yote.» Wengine husema: «Kanisa limezeeka, tulibomoe, tujenge nyumba moja kubwa.» Tuyapime maneno hayo.

Kwanza, tufahamu jina letu. Neno Eklezia limetoka katika lugha ya Kigiriki, na maana yake ni mkutano wa watu walioitwa. Basi kukutana si jambo la pembeni katika dini yetu.

Pili, tuwatazame Wakristu wa kale. Katika nchi ya Siria, kando ya mto Efrati, palikuwa na mji uitwao Dura-Europos. Kabla ya mwaka 256 Wakristu wa huko waliigeuza nyumba ya kawaida kuwa nyumba ya sala. Waliondoa ukuta uliotenga vyumba viwili, wakapata chumba kimoja kirefu cha kukutania. Lakini chumba kingine walikitenga kwa Ubatizo. Humo walijenga birika, na ukutani wakamchora Mchungaji Mwema akichukua kondoo mabegani. Nyumba hiyo ilifukuliwa katika miaka ya 1930. Watu wale walipanua mahali pao, wala hawakuchanganya kila jambo katika chumba kimoja.

Tatu, tusikie sheria ya Eklezia. Kanisa lililobarikiwa ni mahali patakatifu. Sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 1210, yakubali humo yale tu yanayosaidia ibada na dini. Askofu aweza kuruhusu jambo lingine kwa mara moja, lisilopinga utakatifu wa mahali. Basi karamu ya arusi, shauri la mashamba, na shule ya watu wazima ni mambo mema, lakini yafaa yapate nyumba yake.

Wala tusiharakishe kubomoa. Katika kanisa la zamani wazee wetu walibatizwa, na humo waliombewa walipokufa. Kama kuta zingali imara, zitengenezwe.

Pengine mkatekumeni atasema: «Sijabatizwa bado, kazi hii ni ya Wakristu.» Sivyo. Katika nyumba hiyo utafundishwa, na mgeni wako atapokelewa. Lete tofali lako. Lakini anayebeba matofali huku amekataa kumsalimu jirani yake, huyo ajenga ukuta tu. Tena, nyumba mpya isitupokonye Misa: asiyeingia kanisani Dominika, akangojea karamu tu, amepotea njia.

MASWALI

1. Eklezia maana yake nini?
Ni mkutano wa watu walioitwa. Nasi twaitwa na Mungu.

2. Kwa nini tusifanye mambo yote kanisani?
Kwa sababu kanisa ni mahali patakatifu, palipotengwa kwa ibada.

3. Nyumba ya makutano yatudai nini?
Yatudai mikono ya kujenga, na moyo wa kupatana na ndugu.