Kingamwili za Mzio na Vipokezi Vyake: Kipimo cha Damu ya Mtoto Hutuambia Nini?

Wazazi wengi hufika kliniki wakiwa na majibu ya maabara yanayoonyesha kwamba kingamwili za IgE katika damu ya mtoto zimepanda, nao wameshashauriwa kumwachisha mayai, maziwa na samaki. Kabla ya kumnyima mtoto vyakula vinavyomjenga, yatupasa kuelewa kingamwili hizo hufanya kazi wapi na kwa namna gani.

Imunoglobulini E, yaani IgE, ni moja kati ya aina 5 za kingamwili za binadamu. Ilitambuliwa mwaka 1966 na 1967 na Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, Marekani, na vilevile na S. G. O. Johansson na Hans Bennich huko Uppsala, Uswidi. Shirika la Afya Duniani liliipa jina hilo mwaka 1968. Ndiyo iliyo chache kuliko zote katika damu, na ikiwa huru nusu yake hutoweka kwa siku 2 hivi. Lakini ikishanaswa juu ya seli, hudumu kwa wiki kadhaa.

Seli zinazoinasa ni hasa basofili, ambazo kwa kawaida ni chini ya asilimia 1 ya chembe nyeupe za damu, na seli za masti zinazokaa katika ngozi, njia ya hewa na utumbo. Juu ya seli hizi mna vipokezi vinavyoushika mkia wa IgE kwa nguvu nyingi, huku mikono yake ikielekea nje. Hapo bado hakuna ugonjwa. Mzio huanza pale kichochezi, mathalani protini ya karanga, kinapozishika kingamwili mbili zilizo jirani na kuvivuta vipokezi vyake pamoja. Ndipo seli humwaga histamini na kemikali nyingine katika muda wa dakika chache.

IgE inapoongezeka katika damu, vipokezi juu ya basofili huongezeka pia. Ikipungua, navyo hupungua. Dawa ya omalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya pumu, hutumia kanuni hiyo: huikamata IgE ingali huru, na vipokezi hupungua.

Kutokana na hayo, jumla ya IgE peke yake haithibitishi mzio. Mtoto mchanga huzaliwa na IgE kidogo sana, nayo huongezeka kadiri anavyokua. Aidha, minyoo ya tumbo, safura na kichocho huipandisha mno, hata kwa mtoto asiye na mzio wowote. Kwa upande mwingine, jumla ya kawaida haiondoi uwezekano wa mzio. Hata IgE mahususi ya chakula fulani huonyesha tu kwamba mwili umejiandaa; haithibitishi kwamba mtoto huugua akila chakula hicho.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya aanze na maelezo: mtoto alikula nini, dalili zilianza baada ya muda gani, na je, zilijirudia alipokila tena? Mzio wa chakula unaotokana na IgE kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa 2. Kipimo cha ngozi husomwa baada ya dakika 15 hadi 20, na kifanyike mahali penye adrenalini.

Mzazi naye asimwachishe mtoto chakula anachokila bila shida kwa sababu ya tarakimu ya maabara tu. Lakini mtoto akivimba ulimi, akipumua kwa shida, akitapika mfululizo au akilegea muda mfupi baada ya kula, kuumwa na nyuki au kupewa dawa, apelekwe kituo cha afya mara moja. Hapo tiba ya kwanza ni adrenalini, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isiyozidi miligramu 0.3 kwa mtoto, ichomwe katika msuli wa paja upande wa nje. Dawa za kuzuia histamini hazichukui nafasi yake, kwa kuwa hazifungui njia ya hewa wala hazirudishi shinikizo la damu lililoshuka.

Majibu ya maabara yasomwe pamoja na historia ya mtoto mwenyewe. Yakisomwa peke yake, yanaweza kumwachia njaa bila kumwondolea ugonjwa.