Bei ya ofa imeisha, nakatwa zaidi

*Nilijiunga na jarida moja la mtandaoni kwa dola 1 kwa mwezi. Baada ya miezi mitatu nikakatwa dola 20 kwenye kadi bila kuulizwa. Je, nimeibiwa? – Msomaji, Mombasa*

Pole sana. Yaelekea hujaibiwa: ulipoweka namba ya kadi uliridhia usajili ujihuishe wenyewe, na bei kamili huandikwa kwa herufi ndogo karibu na kitufe cha kulipia. Bei za majarida hupangwa kwa hesabu kali. The Economist iliwahi kutoza dola 59 kwa mwaka mtandaoni, dola 125 toleo la karatasi, na dola 125 zilezile kwa yote mawili. Mtafiti Dan Ariely aliwapa wanafunzi 100 wa chuo kikuu cha MIT machaguo hayo. 84 wakachukua yote mawili. Alipoondoa lile la karatasi pekee, waliochukua yote mawili wakawa 32. Ofa yako ya dola 1 nayo ni chambo kilichopangwa vivyo hivyo.

Ingia kwenye akaunti yako leo usitishe usajili. Mara nyingi watakupunguzia bei papo hapo. Kama jarida unalisoma kweli, kubali. La sivyo, omba urudishiwe pesa za mwezi huu, na utunze barua pepe ya kuthibitisha umesitisha. Ukikatwa tena, nenda benki nayo, wazuie malipo hayo.