Kinga ya umeme mlimani: moteri nayo inachoka



Shaba tunayochimba inaturudilia kwa njia nyingi. Njia moja ni kinga ya umeme, ndiyo baiskeli inayosaidiwa na moteri. Ndani ya moteri hiyo mna nyuzi za shaba na sumaku zenye nguvu. Umeme wa batri ukipita katika nyuzi, gurudumu linazunguka. Lakini si umeme wote unaogeuka mwendo. Sehemu yake inageuka joto.

Kwa nini mlima ni adui?

Tuhesabu. Mtu, kinga yake na mfuko wa unga ni kilo 120. Mlima unainuka metre 8 kwa kila metre 100. Kwa mwendo wa kilometre 15 kwa saa, kupanda kunadai wati karibu 400. Moteri nyingi zimeandikwa wati 250. Nguvu inayobaki itatoka katika miguu yako. Kama sivyo, moteri inalazimishwa. Umeme unaopita katika nyuzi ukiongezeka mara 2, joto lake linaongezeka mara 4.

Mwili wako ukipata joto unatoa jasho, na jasho likikauka mwili unapoa. Moteri haina jasho. Ile ya katikati ya gurudumu imefungwa pande zote, na mlimani upepo wa kuipoza ni kidogo kwani unakwenda polepole. Mlima mfupi si kitu. Ule mrefu unajaza joto ndani. Mwisho wake, rangi inayofunika nyuzi inaungua, sumaku nazo zinapoteza nguvu. Moteri nyingine zina kipimo cha joto: zikipunguza nguvu zenyewe, usikasirike, zinajilinda.

Fuata haya:

1. Kanyaga pedali tangu chini ya mlima. Usingoje moteri ichoke.
2. Kama moteri iko karibu na pedali, weka vitesi ndogo mapema: itazunguka upesi bila kulazimishwa.
3. Gurudumu likitaka kusimama, shuka usukume.
4. Ukisikia harufu ya kuungua, zima, pumzika kivulini mpaka moteri ipoe.
5. Usiishike moteri kwa mkono ukifika nyumbani, na watoto wasiikaribie. Chuma chenye joto la digri 70 kinaunguza ngozi kwa muda wa sekunde 1 hivi.

Mtu akiungua, weka mahali palipoungua chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala udongo. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, kisha umpeleke kwa munganga.

Ndugu, moteri iliyoungua inanunuliwa tena, lakini mkono wa mtoto haununuliwi. Panda polepole, ufike mzima.