Pilipili isiyowasha sana: siri yake ni maji

Je, wewe ni miongoni mwa wale wasiothubutu kugusa pilipili kali, na hoho nayo huioni kuwa na ladha yoyote? Baina ya hizo mbili ziko pilipili za ukali wa kadiri, kama vile jalapeño na Anaheim. Katika kipimo cha ukali alichobuni Mmarekani Wilbur Scoville mwaka wa 1912, hoho ni 0, Anaheim ni 500 hadi 2,500, na jalapeño ni 2,500 hadi 8,000. Pilipili kichaa hupita 50,000.

Iwapo una boma huko Kwa Vonza, kwenye barabara ya Machakos kuelekea Kitui, au penginepo pakavu katika Ukambani, huenda umewahi kupanda pilipili ya aina hii ukaishia kuvuna moto. Usiharakishe kumlaumu aliyekuuzia mbegu. Mara nyingi mmea wa pilipili ukishikwa na kiu, tunda lake huzidisha kapsaisini, ile kemikali inayowasha. Mbegu ile ile ikipandwa penye maji ya kutosha hutoa tunda la upole.

Kwa nini ujisumbue na pilipili mahali ambapo hata maji ya kunywa hubebwa kwa punda? Tazama sahani yako. Muthokoi, ndengu, kunde na mbaazi zina madini ya chuma, lakini chuma cha nafaka na kunde hufyonzwa kwa shida mwilini. Vitamini C ikiliwa pamoja na chakula hicho huweza kuongeza maradufu kiasi kinachofyonzwa. Gramu 100 za pilipili mbichi huwa na zaidi ya miligramu 80 za vitamini hiyo, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Hili ni jambo zito hasa kwa wanawake wajawazito na wasichana waliobaleghe, ambao upungufu wa damu huwaandama zaidi. (Vidonge vya chuma vya kliniki visiachwe kwa sababu ya pilipili!)

Moto wa jikoni huharibu vitamini C. Kwa hivyo katakata pilipili mbichi kwenye kachumbari, uile pamoja na ndengu zako. Mtu hawezi kula pilipili kichaa kwa wingi huo, na hapo ndipo aina za upole zinapofaa. Chai nayo ingoje saa moja hivi baada ya mlo, maana huzuia chuma kufyonzwa.

Sasa tuingie bustanini. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi katika sehemu hizo, hivyo sia mbegu kitaluni mapema Septemba. Miche huwa tayari baada ya wiki 6 hadi 8. Ihamishe jioni, uipande katika mashimo yaliyotiwa samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, ukiacha sentimita 45 kati ya mche na mche. Shimo lisijazwe udongo hadi juu; liache na kina kidogo ili maji yakusanyike. Kisha funika udongo kwa nyasi kavu. Ukipuuza nyasi hizo, nusu ya maji yako italiwa na jua.

Jua likiwa kali, kila mche huhitaji lita 1 hadi 2 kwa siku, yaani mtungi wa lita 20 hutosha miche 10 au zaidi. Maji yaliyosuuza mboga yanafaa sana. Yale ya vyombo pia yanafaa mradi yasiwe na mafuta wala dawa ya kung'arishia nguo, na yamwagwe shinani, si juu ya matunda. Usimwage mengi Jumatatu kisha ukasahau hadi Jumamosi: tunda litaoza kitakoni. Joto likipita nyuzi 32 maua huweza kupukutika, kwa hivyo upande wa mashariki wa nyumba, penye kivuli cha alasiri, ndio bora.

Wengi hudhani ukali umo ndani ya mbegu. Umo katika utando mweupe unaozishikilia. Ukwangue kwa kijiko na tunda litapoa. Kuchuma lingali changa pia husaidia, ingawa lililoiva na kuwa jekundu lina vitamini A nyingi zaidi.

Majirani watakuambia kwamba hoho ikipandwa karibu na pilipili kali nayo huwa kali. Tunda la msimu huo halibadiliki. Mbegu zake ndizo huweza kuchanganyika, zikuletee mshangao msimu ujao. Ukitaka kuhifadhi mbegu, panda aina hizo mbali mbali. Na baada ya kukatakata, paka mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kunawa kwa sabuni, kwani kapsaisini haitoki kwa maji matupu, hasa kama utamshika mtoto usoni.