Jinsi Ubongo Unavyojifunza Maneno Mapya

Neno ni sauti iliyofungamana na maana. Mtoto husikia sauti “maji” kila anyweshwapo au aogeshwapo, na afikapo umri wa mwaka mmoja hivi huanza kutamka maneno yake ya kwanza. Je, ubongo huyahifadhije?

Mwanga mkubwa juu ya swali hili ulitokana na mkasa wa Mmarekani mmoja, Henry Molaison. Mwaka 1953 alipasuliwa ili atibiwe kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi zake ikaondolewa. Hizi ni sehemu mbili ndogo zilizo ndani ya ubongo, moja kila upande, karibu na usawa wa masikio. Tangu hapo aliendelea kuzungumza vizuri, kwani maneno ya zamani yalibaki. Lakini maneno mengi yaliyoingia katika Kiingereza baada ya mwaka huo hakuweza kuyashika, ingawa aliishi hadi mwaka 2008.

Kwa hiyo neno hupitia hatua mbili. Kwanza, hipokampasi hulinasa upesi. Pili, siku zipitapo, neno hujengeka polepole katika gamba la ubongo, ambamo seli za neva huimarisha mawasiliano yao kila zinapofanya kazi pamoja. Usingizi husaidia sana hatua hii, kwa kuwa mtu alalapo ubongo huyarudia yaliyopatikana mchana.

Lugha ya pili hufuata njia hiyo hiyo, ila huzikuta maana nyingi zimekwisha kuwamo. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza nchini Tanzania, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, hulifunga neno la Kiingereza la “mzizi” kwenye neno alijualo. Baada ya mazoezi mengi ndipo neno hilo huifikia maana moja kwa moja. Lakini apewapo neno la Kiingereza la “usanisinuru” bila ya kuielewa dhana yenyewe katika lugha yoyote, hubebeshwa mizigo miwili kwa pamoja: dhana ngeni na sauti ngeni. Hapo hukariri tu, na akaririyo husahaulika upesi.

Basi yafaa mwalimu aieleze dhana kwanza kwa lugha inayoeleweka, ndipo atoe neno jipya, na alirudie kesho, juma lijalo na mwezi ujao. Naye mwanafunzi akeshaye usiku kucha kabla ya mtihani aelewe kwamba anaunyima ubongo wake saa zile zile unazozihitaji ili kuyahifadhi aliyoyasoma.